Taa Katika Chumba cha Mkwe

Chumba cha mwisho ndicho kilichomshinda Emilian. Sebule alikuwa ameimaliza, chumba cha shemeji yake Laurenti amekimaliza, na barazani holda ya kushikia balbu ilikuwa imekwishafungwa, inasubiri taa tu. Mabomba meupe ya kupitishia nyaya yalikuwa yamenyooka ukutani kana kwamba yamepigwa rula. Lakini mlango wa chumba cha tatu ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia hilo ndiko alikokuwa akilala mama yake mkwe. Emilian alisimama mbele ya pazia na bisibisi mkononi, jasho linamtiririka, na wala siku hiyo hakukuwa na joto.

Mtu asiyejua mila za Wanyaturu anaweza kucheka. Pazia ni kitambaa, lisogeze uingie. Lakini tangu amuoe Severina, Emilian hakuwahi kula sahani moja na mama mkwe, hakuwahi kumshika mkono, na akimwona njiani alikuwa akipisha pembeni mpaka apite. Wakiwa na neno, walilipitisha kwa Severina, naye akalifikisha, hata kama wote watatu wako ua mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake. Ndiyo heshima waliyoikuta, na hakuna aliyewahi kuinung'unikia. Kuhusu chumba anacholala mama mkwe, hilo halikuwa hata la kuzungumza. Huingii.

Na kazi aliyokwenda kuisomea ukubwani ilikuwa kazi ya kuingia vyumbani mwa watu.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mashine ya kukamua alizeti, ile ya dizeli inayosikika mpaka kijiji cha pili. Umeme ulipofika, tajiri wake alileta mashine inayowashwa kwa kidole, akamshukuru Emilian kwa soda moja ya baridi. Mwingine angekaa kijiweni kuulaani umeme. Emilian alisema, kama huo ndio ulionitoa kazini, basi nitaufuata huko huko ulikojificha. Akajiandikisha chuo cha ufundi mjini, akakaa dawati moja na vijana waliomwita babu, akachora saketi mpaka akawa anaziota. Severina ndiye aliyekuwa akimsikiliza jioni, daftari mkononi, akimuuliza maswali na kumrudisha nyuma alipokosea.

Sasa ilibaki hatua moja. Anifa, mkandarasi aliyekuwa akifunga nyaya katika nyumba za Ilongero, alitaka fundi mmoja wa kuongeza kwenye kundi lake kabla hawajahamia Mkalama. Waliokuwa wakijaribiwa ni wawili, Emilian na kijana mmoja anaitwa Chrispin. Kila mmoja alipewa nyumba yake aifunge peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mkaguzi wa shirika la umeme angepita Ijumaa. Nyumba ikikubaliwa, fundi wake anachukuliwa. Zikikubaliwa zote mbili, Anifa alisema atamchukua mkubwa, maana hatoroki kazi. Emilian aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na alijua hakuna mkandarasi mwingine atakayemjaribu.

Anifa alikuwa binti wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, wa umri wa kuweza kuwa mwanawe. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamgombeza. Siku alipogawa nyumba, Emilian aliposikia ni ya mjane Rahabu, mama yake mkwe, alimwomba pembeni wabadilishane na Chrispin, akamweleza sababu. Chrispin alikuwa na masikio marefu. Alicheka mpaka akashika tumbo, akauliza kama mkwe naye ana volti.

Anifa hakucheka. Alimtazama Emilian kidogo, akasema, "Kwenye kazi hii hakuna mkwe, mzee wangu. Kuna mteja. Ukianza leo kuchagua vyumba, kesho utachagua nyumba."

Emilian akabeba ngazi yake.

*

Jumatano mchana Anifa alikuja kukagua bila kutoa taarifa. Mama mkwe, kama kawaida, alikuwa amejitoa zamani na kwenda kukaa nyuma ya jiko la nje, kanga kichwani, akipepeta mtama ambao nadhani ulikuwa umepepetwa tangu juzi. Severina, aliyekuwa akija na mumewe kila siku kutoka Unyambwa ili kumpikia mama yake, alikuwa kwenye mafiga.

Anifa alianza vizuri. Aligonga bomba hapa na pale, akafungua swichi moja na kuchungulia ndani, akasema kazi safi. Emilian alijisikia kurefuka. Kisha binti huyo akatoka nje, akazunguka kona ya nyumba, akasimama.

Huko nje, chini ya bati, kulikuwa na bomba refu lililotoka sebuleni, likazunguka kona mbili za nyumba, likapita juu ya dirisha la chumba cha mama mkwe, na kuishia kwenye tundu dogo lililotobolewa ukutani. Kwenye tundu hilo nyaya zilining'inia kwa ndani, hazijafungwa kwenye kitu chochote. Emilian hakuwa ameingia chumbani, wala hakuwa amepanda darini juu ya kitanda cha mkwe, maana kumpita mtu mzima kwa juu ni kubaya kuliko kuingia chumbani kwake kwa mlango. Alikuwa amefika mpaka mahali ambapo heshima ilimruhusu, akasimama hapo. Usiku aliiona akili hiyo kuwa kubwa sana. Sasa, mbele ya Anifa, aliiona jinsi ilivyo.

"Hii ni nini?" Anifa aliuliza.

Emilian alisema ni njia ya kuzunguka.

"Naiona inazunguka. Mvua ikinyesha? Jua la hapa litalifanya nini bomba hili? Na humo ndani nani atafunga holda, panya?"

Alisema mke wake angeweza kufunga, angemwelekeza kutoka dirishani. Hapo ndipo Anifa alipopandisha sauti, na majirani waliokuwa wakipita na madumu ya maji wakapunguza mwendo. Alisema anapima mkono wa Emilian, si wa mke wake. Alisema yeye mwenyewe ni mwanamke na angeweza kuingia chumba kile akakimaliza kabla chai haijachemka, lakini huko Mkalama hatakuwa nyuma ya kila fundi kuingia vyumbani kwa niaba yake. Akashika lile bomba kwa mikono miwili, akalivuta. Likatoka na vishikizo vyake, na vipande vya plasta vikaanguka miguuni kwao.

"Kesho jioni narudi," alisema, sauti imeshuka. "Nikikuta chumba hiki bado, Chrispin atakimalizia, na nyumba itahesabika yake. Nafasi pia. Sikuonei, baba. Nimesema mapema ili usije ukasema sikukwambia."

Aliwasha pikipiki yake akaondoka. Severina alitazama chini, akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

*

Emilian aliokota vishikizo kimoja kimoja akavitia mfukoni. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kizito ambacho alikitambua. Alijua kukata tamaa kunavyokuwa. Alikuwa nako miezi ile baada ya kufukuzwa kwenye alizeti, akilala mpaka jua linampiga usoni. Hakutaka kurudi huko. Alinawa mikono, akavaa shati lake vizuri, akaenda akasimama katikati ya ua, ameelekeza uso kwenye jiko la nje.

Severina aliona, akainuka haraka. "Unataka nimwambie nini?"

"Leo nasema mwenyewe."

"Baba Samweli, usifanye hivyo."

Lakini alikwisha kuanza. Hakumtazama mama mkwe. Alitazama ukuta wa jiko, na kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, alimsalimu, akamwomba radhi kwa kumsemesha. Kisha akamweleza yote. Akaeleza mashine ya alizeti na chuo, akaeleza vijana wanaomwita babu, akaeleza Mkalama. Akasema ameshazunguka nyumba nzima akitafuta njia ya kufanya kazi bila kumvunjia heshima na hajaipata. "Mama, naomba kuingia chumbani kwako," alisema. "Nitafanya kazi iliyonileta, sitagusa kingine, nitatoka. Ukikataa sitaingia, na sitakuwa na kinyongo."

Ungo uliacha kupepeta. Kwa majirani, mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo alibaki na shuka mkononi. Emilian alingoja. Baada ya muda ungo ukaanza tena, taratibu, na yeye akajua hana la kufanya zaidi ya kukusanya vyombo vyake.

Njiani kurudi Unyambwa, Severina alikaa nyuma ya baiskeli bila kumshika kiuno. Walipofika nyumbani alisema kile alichokuwa amekibeba njia nzima.

"Umemwaibisha mama mbele za watu. Kesho kisimani watamuuliza mkwe wake alikuwa anataka nini chumbani."

"Nilikuwa naomba kazi."

"Ungeniacha mimi niombe. Ningetafuta maneno."

"Ungeyatafuta mpaka lini, Severina? Kesho ndiyo kesho."

Severina alikuwa amepepeta alizeti za watu mwaka mzima ili mwanamume huyu akae darasani, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kazi hiyo. Hakuwa na sababu ya kumtakia mabaya. Alisema polepole kwamba kama nafasi itakwenda kwa Chrispin basi iende, watatafuta kitu kingine, na Emilian akajibu kwamba hakuna kitu kingine, ameshatafuta.

*

Asubuhi walipofika Ilongero, kitu cha kwanza walichokiona ni kitanda.

Kilikuwa katikati ya ua, kimefumuliwa. Kichwa chake cha mninga kimeegemezwa kwenye kichanja cha kuanikia vyombo, mbao za ubavuni zimelazwa chini, na godoro limeanikwa juani kwenye jamvi kama la mgonjwa aliyefariki. Severina aliruka kutoka kwenye baiskeli akakimbia, akiita mama, mama. Yule jirani wa shuka alitoka jikoni akifuta vumbi mabegani, akamtuliza. Hakuna msiba, alisema. Mama yake yuko huko nyuma, mzima. Wameanza kuhamisha tangu alfajiri, wao wawili.

"Kuhamisha kwenda wapi?"

Jirani akaonyesha kwa kidevu. Jiko la nje lilikuwa kibanda cha udongo, kimeezekwa kwa nyasi, kimejaa masizi. Nusu yake ilikuwa imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Sanduku la nguo la mama lilikuwa humo, na viatu vyake vya kanisani vimewekwa juu yake.

Sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya kibanda, kavu, haina haraka. "Severina. Mwambie Baba Samweli kile siyo chumba changu tena. Ni stoo. Nimeingiza magunia mawili ya alizeti mwone wenyewe. Stoo fundi anaingia."

Severina alisema mama, haiwezekani, ulale jikoni? Akasema basi lala chumba cha Laurenti. Mama akamjibu kama anayemkanya mtoto: tangu lini mama akalala kitanda cha mwanawe mtu mzima? Na sebuleni ndiko mkwe anakokaa akija kusalimia, atakuta godoro lake pale? Severina akasema kazi ikiisha watarudisha kitanda chumbani.

"Mahali aliposimama mkwe wangu siwezi kulala," alisema mama mkwe. "Wewe unajua. Kwamba nimehama ndiyo sababu anaingia. Mwambie aingie, jua linakwenda."

Emilian aliyasikia yote kwa masikio yake. Severina aligeuka kumfikishia. Emilian akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema bora Chrispin, bora Mkalama ipotee. Lakini kitanda kilikuwa kimeshafumuliwa, na kikongwe aliyekifumua alifanya hivyo gizani, bila kuombwa kiasi hicho. Kukataa sasa kungekuwa ni kumtupia hisani yake usoni. Alivua viatu mlangoni.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda, zilizozama kwenye saruji tangu saruji ilipokuwa mbichi, na ukutani kivuli cha mraba cheupe mahali ilipokuwa picha ya harusi ya marehemu baba mkwe, Mzee Alute, na mkewe. Magunia mawili ya alizeti yalikaa kwenye kona yakijitahidi kukifanya chumba kiwe stoo. Emilian alizikwepa zile alama nne. Kwa muda wote aliofanya kazi humo hakuzikanyaga, hata aliposimamisha ngazi, na ilibidi aisimamishe mahali pabaya. Aliweka swichi karibu na mlango, akapima mara mbili. Alipanda darini akapitisha waya wake njia iliyonyooka, akashuka, akafunga holda. Machozi yalimtoka akiwa juu ya ngazi. Aliyaacha yatoke, mikono ilikuwa na kazi.

*

Anifa alikuja jioni na kifaa chake cha kupimia. Alipima chumba hadi chumba, akaandika, akapima tena. Katika chumba cha tatu alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliyatazama magunia, akatazama sakafu.

"Safi," alisema. "Kuliko vingine vyote." Kisha akauliza, "Bibi analala wapi?"

Emilian akamwonyesha kupitia dirishani. Anifa alitazama kibanda, na moshi mwembamba uliokuwa ukipenya kwenye nyasi zake. Uso wake ulibadilika, ukawa wa binti wa mtu. Alifungua mdomo kama anayetaka kuomba msamaha, akaufunga, maana hakujua amwombe nani. Mwishowe alisema mkaguzi akipitisha kesho, Jumatatu Emilian aje na ngazi yake.

Mkaguzi alipitisha. Nyumba ya Chrispin ilirudishwa kwa sababu ya waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, na Chrispin, haya ni ya kumsifu, alikuja mwenyewe kumpa Emilian mkono na hakumwita babu. Jioni ile taa ziliwashwa. Sebuleni watoto wa majirani walipiga makofi. Katika chumba cha tatu taa iling'aa juu ya magunia mawili ya alizeti, na nje, kwenye kibanda, mama mkwe aliwasha koroboi yake akafunga mlango.

Emilian aliona mwanga ule mdogo kwenye nyufa za udongo. Alikuwa ameipata nafasi aliyoililia, na hakuweza kuifurahia hata kidogo.

*

Jumapili baada ya ibada alirudi Ilongero na Severina. Alikuwa na mfuko wa vifaa alivyonunua kwa fedha yake mwenyewe. Ijumaa ile ile alikuwa amemuuliza Anifa kama anaweza kuongeza taa kwenye jiko la mteja, na Anifa akamjibu kwamba jiko hilo ni la ukweni kwa Emilian mwenyewe, afanye, mradi azime breka, yaani swichi kuu ya nyumba, na awajibike mwenyewe.

Alifanya yote yaliyo nje. Alichimba mtaro kutoka nyumba kubwa hadi kibandani, akazika waya ndani ya bomba, akatoboa tundu kwenye ukuta wa udongo. Hapo akafika tena pale pale alipokwama Jumatano. Ndani ya kibanda palikuwa na kitanda cha mninga, kimeungwa upya. Ndani ya kibanda ndiko alikolala mama mkwe.

Alizima breka akarudi na testa ya kupimia umeme, akahakikisha waya umekufa. Kisha akampa Severina plaizi na bisibisi.

"Utakuwa unaniambia," Severina alisema.

"Unajua kila kitu. Nani alikuwa ananisahihisha?"

"Kusoma ni kusoma. Nikikosea?"

"Hujawahi kukosea daftarini. Nyekundu kwenye swichi kwanza. Usianzie juu."

Severina aliingia. Emilian akageuza mgongo, akauegemeza kwenye ukuta kwa nje, akamwelekeza kwa sauti ya kawaida. Alisikia kigoda kikiburutwa. Alisikia mama mkwe akiuliza kwa Kinyaturu kama hicho kidude kitamuunguza binti yake, na Severina akimjibu kwamba umekufa, mumewe ameuua. Kazi ambayo Emilian angeifanya akipiga mluzi ilichukua mchana mzima. Mara mbili Severina alisema amekwama. Mara mbili alikwamuka mwenyewe kabla hajaelekezwa. Alipotoka alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi, na alisema tu, "Tayari. Nimevuta kila waya, hautoki."

Akarudi ndani kukaa na mama yake. Emilian alipima kwa nje alichoweza kupima, akaenda kwenye nyumba kubwa kuwasha breka, akarudi ukutani akakaa mahali pake, mgongo kwa udongo. Ilikuwa mchana mweupe, jua kali, na hakuna mwanga ambao ungeonekana kwenye nyufa.

"Bonyeza," alisema.

Akasikia swichi ikilia. Akangoja mtu apige kelele, acheke, aseme lolote.

"Severina, inawaka?"

Aliinuka nusu, akakumbuka, akakaa tena. Fundi mzima, ameajiriwa, na hawezi kuchungulia kujua kama taa yake imewaka. Aliuliza mara ya pili, na kwa kimya kilichofuata akatambua kwamba mkewe yupo, anapumua, na ameamua kutomjibu. Aliyetakiwa kujibu alikuwa mwingine.

Kigoda kikasogea. Nyayo zikaja taratibu mpaka upande wa pili wa ukuta, zikasimama karibu kabisa na mgongo wake.

"Inawaka, mwanangu," alisema mama mkwe. "Naiona."